Edward Tingatinga: Kutoka Mashamba ya Mkonge Tanga Hadi Kuta za Wakusanyaji wa Sanaa Duniani

Jina la Tingatinga leo hutajwa katika maduka ya sanaa ya Dar es Salaam, Arusha, Zanzibar na Nairobi kana kwamba ni jina la bidhaa. Mtalii huuliza bei ya tingatinga kama anavyouliza bei ya kikapu au kanga, naye muuzaji humtolea picha ya twiga, tembo au chui iliyopakwa rangi za kung'aa. Wachache kati ya wanaouza na wanaonunua hukumbuka kwamba kabla ya kuwa aina ya picha, Tingatinga alikuwa mtu mmoja, mwenye wazazi, kijiji, kazi za kubangaiza, mke na watoto, na kwamba muda aliojaliwa kuchora haukuzidi miaka minne. Picha alizozichora kwa mkono wake katika miaka hiyo ni chache mno zikilinganishwa na zile zinazobeba jina lake, na nyingi kati ya hizo chache ziliondoka nchini rangi ikiwa haijapoteza harufu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, ambacho sasa kinajulikana kwa jina la Mindu, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Baba yake alikuwa Mngindo na mama yake Mmakua. Upande mmoja wa nyumba ulikuwa wa Kiislamu na mwingine wa Kikristo, na mtoto akabeba majina ya pande zote mbili bila kuona taabu yoyote. Kwa Mswahili wa leo, neno tingatinga humletea kwanza picha ya mtambo wa kulimia au wa kusukuma udongo. Kwake yeye lilikuwa jina la ukoo tu.

Alisoma miaka michache katika shule ya misheni, kisha akaacha. Shule hiyo haikumpa somo la uchoraji. Lakini nchi ya kusini alikokulia haikuwa ngeni kwa michoro. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyepita maeneo ya Wayao, Wamakua na Wamakonde mwaka 1906, aliandika juu ya picha alizoziona katika kuta za nyumba za udongo na akakusanya michoro iliyofanywa na wenyeji. Baadhi ya wachunguzi wa sanaa wa siku hizi huona katika kuta hizo mzizi wa kile alichokuja kukifanya Tingatinga. Wengine husema alijifunza yote Dar es Salaam. Yawezekana pande zote mbili zina haki, kwa kuwa mtu hachagui ni kipi kati ya alivyoviona utotoni kitakachobaki machoni mwake.

Katikati ya miaka ya 1950 kijana huyo alifunga safari ya kwenda Tanga. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya vijana wengi wa kusini waliotafuta fedha taslimu. Mkonge ulikuwa umetimiza miaka 60 na zaidi katika pwani ya kaskazini. Mjerumani Richard Hindorf ndiye aliyeuleta mwaka 1893: kati ya vichipukizi 1,000 alivyoviagiza kutoka Florida kwa njia ya Hamburg, 62 tu vilifika vikiwa hai, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana na hivyo likatokea zao lililobadilisha sura ya nchi kuanzia mwambao hadi chini ya milima ya Usambara. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huo huo wa 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba yakaifuata. Pongwe, Ngomeni, Muheza, Korogwe, Mombo, Mazinde: msafiri wa treni aliona kuliani na kushotoni mistari ya majani ya kijivu yenye ncha kali, imenyooka mpaka macho yanachoka. Tingatinga alipofika, Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na miaka michache baadaye, mwaka 1964, mavuno yangepita tani 200,000.

Mashamba hayo yalihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo Tanga. Wenyeji wa pwani, Wadigo, Wabondei, Wasegeju na Wazigua, walikuwa na minazi yao, mashamba yao ya mahindi na bahari yao, na wengi hawakuona sababu ya kukata mkonge kwa mshahara mdogo. Hivyo wenye mashamba waliunda mwaka 1944 idara yao ya kuajiri vibarua, SILABU, iliyowaleta watu kutoka mikoa ya kusini na magharibi, huku wengine wakija wenyewe kwa miguu, kwa malori na kwa treni. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba kabla ya kujulikana kwa jina. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi yenye siku 30. Mkataji aliamka alfajiri, akakata majani, akayafunga mafungu ya majani 30, na akimaliza idadi aliyopangiwa siku yake ilitiwa alama. Asipomaliza, siku haikuhesabiwa. Utomvu wa mkonge huwasha ngozi na ncha ya jani huweza kupofua jicho. Majani yalipelekwa kwenye mtambo ambao vibarua waliuita korona, na katika kila kilo 100 za majani zilitoka kilo 4 au 5 tu za nyuzi, zilizoanikwa juani kwenye kamba ndefu mpaka zikawa nyeupe.

Tingatinga alikuwa mmoja wa watu hao, na Tanga haikumjua kwa lolote zaidi ya hilo. Inafaa kukumbuka nani mwingine alikuwapo Tanga wakati huo. Mjini, katika ofisi ya upimaji wa ardhi, alifanya kazi Shaaban Robert, ambaye tayari alikuwa mwandishi mashuhuri wa Kiswahili. Mshairi yule na kibarua huyu waliishi pwani moja, chini ya serikali moja ya kikoloni, lakini kazi zao zilikuwa na majaliwa tofauti kwa sababu ya maumbile yake. Kitabu huchapwa nakala maelfu. Kikipotea kimoja, kingine kiko shuleni. Picha iliyochorwa kwa mkono ni moja. Aliyeinunua ndiye aliyenayo, na akiondoka nayo, nchi imebaki bila hiyo. Tofauti hii ndogo ndiyo iliyoamua namna Tingatinga anavyokumbukwa leo.

Kulikuwa na jambo jingine mashambani ambalo huenda lilikuwa na uzito kuliko mshahara. Kambi za mkonge ziliwakutanisha watu wa makabila yasiyokuwa jirani: Wamakua, Wamakonde wa Msumbiji, Wangoni, Waha, Wanyamwezi. Jumapili zilikuwa siku za ngoma, na Tingatinga mwenyewe alijulikana kwa kupenda muziki. Miongoni mwa Wamakonde waliovuka Ruvuma kuja kukata mkonge walikuwamo wachongaji, na baadhi yao waligundua kwamba mpingo ulilipa vizuri kuliko kipande. Jijini Dar es Salaam mfanyabiashara Mohamed Peera alikuwa akinunua vinyago vyao, akiwafuatilia wachongaji mmoja mmoja, akiwapa magogo na kuwahimiza wasirudie kitu kimoja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mmoja wa wachongaji hao, Samaki Likankoa, alimpelekea kinyago cha shetani chenye umbo lisilofanana na lolote lililotangulia, Peera akakinunua, na tawi jipya la uchongaji likazaliwa. Somo lilikuwa wazi kwa kila mtu wa kusini aliyekuwa akihangaika kutafuta riziki mbali na kwao: palikuwa na watu waliotoa fedha kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwako jana.

Mwaka 1959 Tingatinga aliiacha Tanga na kwenda Dar es Salaam. Alipokewa na ndugu yake wa ukoo, Salum Mussa, aliyejulikana kwa jina la Mzee Lumumba, mpishi katika nyumba za wageni, na akaishi naye Msasani. Kwa msaada wa watu wa namna hiyo alipata kazi ya utumishi wa nyumbani kwa ofisa wa Kiingereza. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, maofisa wengi wa kikoloni walifungasha virago, na watumishi wao wakabaki bila ajira. Miaka iliyofuata ilikuwa ya vibarua vya hapa na pale. Baadaye alipata kazi ya utumishi wa ngazi ya chini katika Hospitali ya Muhimbili.

Wakati huo sanaa ya uchoraji nchini ilikuwa na njia moja inayotambulika, nayo ilipitia Makerere. Sam Ntiro, aliyesoma huko na kisha London, alikuwa amekwisha kufika mbali: mwaka 1960 Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York lilinunua picha yake ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Elimo Njau, naye wa Makerere, alifungua jumba la sanaa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Serikali mpya ilikuwa imeunda mwaka 1962 wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, ikiwa na nia ya kurudishia wananchi fahari ya vitu vyao. Kwa mtu asiye na cheti, aliyefanya kazi jikoni na hospitalini, milango hiyo ilikuwa mbali. Tingatinga hakuigonga. Yeye alianzia barabarani.

Alichokiona barabarani ni wachoraji kutoka Kongo. Walipita katika mitaa ya wageni na picha zao za mandhari na za vijiji, wakiuza kwa bei ambayo kibarua wa Msasani aliiona kubwa. Tingatinga alitazama, akaona kwamba na yeye anaweza. Mwaka 1968, akiwa na miaka 36, alianza. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia ubao mwembamba wa dari, na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile inayouzwa kwenye makopo kwa ajili ya kupakia baiskeli. Kipimo cha picha zake, mraba wa karibu sentimita 60 kila upande, kina maelezo rahisi: ubao mzima wa futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2 bila kubakisha takataka. Wataalamu wamekwisha kuandika mengi kuhusu mraba wa Tingatinga. Fundi seremala angeuelewa kwa kuutazama mara moja.

Umaskini wa vifaa ulizaa mtindo. Rangi ya baiskeli haichanganyiki kwa upole kama rangi ya mafuta ya wachoraji. Hukaa ilivyo, kavu na inayong'aa, na ukiipaka juu ya nyingine hubakiza ukingo mkali. Kwa hiyo Tingatinga alipaka usuli wote kwa rangi moja au mbili, akaacha ukauke, kisha akaweka juu yake mnyama mmoja, mara nyingi mkubwa kiasi cha kujaza ubao: chui, nyati, tembo, ndege, fisi. Akamaliza kwa madoa na mistari. Hakuna kivuli, hakuna umbali, hakuna mandhari ya nyuma inayofifia. Jicho la mnyama humtazama mtazamaji moja kwa moja. Alichora pia watu, wacheza ngoma na waganga, lakini wanyama ndio waliomjengea jina. Katika kona aliandika jina lake kwa herufi kubwa, E.S. Tingatinga.

Picha hizo aliziuza nje ya Morogoro Stores, duka la vyakula la Oysterbay lililohudumia mabalozi, wataalamu wa misaada na wafanyakazi wa mashirika ya kigeni. Chini ya mti pale, ubao ukiwa umeegemezwa kwenye shina, mtu aliyetoka kununua mkate na siagi alikutana na chui wa njano katika usuli wa bluu. Wanunuzi wake wa kwanza hawakuwa wakusanyaji wa sanaa kwa maana ya wenye majumba ya maonyesho. Walikuwa walimu, wahandisi, madaktari na wake zao. Wengi walitoka nchi za Skandinavia, ambazo tangu mwaka 1963 zilikuwa zikiendesha kwa pamoja kituo kikubwa cha elimu na afya Kibaha na zilikuwa na wataalamu wengi nchini. Walinunua kwa sababu picha zilikuwa za furaha na bei nafuu, wakazitundika sebuleni, na mikataba yao ilipokwisha wakazifungasha pamoja na vinyago na vikapu.

Kuna jambo lisilosemwa sana juu ya wanunuzi hao. Walikuwa na jicho. Si wote, bila shaka. Wapo waliochukua kilichokuwa karibu na mlango. Lakini baadhi walirudi wiki baada ya wiki, wakatofautisha picha nzuri na ya haraka, wakaagiza na kungoja. Mdenmark Merit Teisen, aliyeishi Dar es Salaam miaka hiyo, alimfuatilia mchoraji huyu na kuandika habari zake kwa wasomaji wa kwao. Bila watu wa aina hiyo sehemu kubwa ya maisha ya Tingatinga ingepotea kabisa, kwa kuwa mwenyewe hakuacha maandishi.

Taasisi za nchini hazikulala kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya sanaa iliyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) ilianza kununua picha zake kwa utaratibu, na kwa mara ya kwanza Tingatinga akawa na mnunuzi wa uhakika. Mpango huo ulimpa nafasi ya kuishi kwa brashi yake na kuwaita wengine wajifunze. Hata hivyo kampuni ilinunua ili iuze. Haikuwa na jukumu la kuweka picha moja katika kila kumi kwa ajili ya taifa, na wateja wake walikuwa wale wale waliokuwa wakifika Morogoro Stores. Sheria nayo ilitazama upande mwingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ililinda masalia yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1863 na vitu vya kimila, pamoja na milango ya kuchonga, vya kabla ya mwaka 1940. Mlango wa Pangani ulihitaji kibali ili uvuke mpaka. Picha iliyochorwa juzi Msasani iliingia sandukuni bila swali. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, maana kila nchi huanza kwa kulinda cha kale, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba sanaa ya wakati ule ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote kuondoka.

Mwaka 1970 Tingatinga alimwoa Agatha Mataka, na nyumba yao ikapata watoto wawili. Nyumba hiyo ya Msasani ilikuwa pia karakana. Vijana wa ukoo wake na wenzao wa kusini walikaa barazani wakitazama, kisha wakapewa kazi ya kupaka usuli, kisha kuchora wanyama wao wenyewe. Walikuwamo January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah. Hakuna aliyelipa ada. Mafunzo yalikuwa ya kutazama mkono, kama mtoto wa pwani anavyojifunza kusuka ukili kwa kukaa karibu na bibi yake.

Kisha ukaja mwaka 1972. Usiku mmoja jijini Dar es Salaam polisi waliokuwa wakifuatilia wahalifu walifyatua risasi wakidhani wamewaona wakitoroka. Aliyepigwa alikuwa Tingatinga, ambaye hakuwa na kosa. Alikufa akiwa na miaka 40. Alikuwa amechora kwa miaka minne, na katika muda huo wanunuzi wake wengi walikuwa hawajaanza hata kuuliza jina lake kamili.

Wanafunzi wake wangeweza kutawanyika. Badala yake walirudi chini ya mti ule ule na kuendelea. Mwaka 1977 waliunda ushirika wao wa kwanza kwa jina la mwalimu, na mwaka 1990 wakausajili upya kama Chama cha Ushirika cha Sanaa cha Tingatinga, chenye makao karibu na Morogoro Stores, mahali ambapo hadi leo mgeni huweza kuwaona wachoraji wakiwa kazini. Walioanza walikuwa wa ukoo na wa kijiji kimoja; waliofuata walitoka kila mkoa. Mtindo ulibadilika pia, na sababu moja ya mabadiliko ilikuwa mizigo ya abiria wa ndege. Ubao ni mzito na huvunjika kona, lakini kitambaa hukunjwa na kuingia begini. Kitambaa kilipochukua nafasi ya ubao, picha zilikua, wanyama wakaongezeka, vijiji, masoko, hospitali na mashetani wakaingia, na nafasi tupu ambayo Tingatinga aliipenda ikajazwa. Mtu anaweza kupenda picha hizo mpya, na zipo nzuri sana, lakini ukimya wa picha za mwanzo, mnyama mmoja katika rangi moja, haukurudi.

Simon Mpata alihamia Nairobi na huko akapata wafuasi wa mbali. Wajapani walizipenda kazi zake kiasi kwamba hoteli waliyoianzisha katika Maasai Mara ilipewa jina lake. Mwaka huo huo wa 1972 aliouawa Tingatinga, Sista Jean Pruitt alianzisha Dar es Salaam Nyumba ya Sanaa, na humo akatokea mtu mwingine wa kusini, George Lilanga wa Masasi, ambaye kazi zake baadaye ziliingia katika mkusanyo wa Jean Pigozzi, tajiri aliyeanza kununua sanaa ya kisasa ya Afrika baada ya kuona maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1989. Lilanga aliishi hadi mwaka 2005 na aliyaona hayo kwa macho yake. Tingatinga hakuona hata sehemu ndogo yake.

Jina lilipopanda thamani, swali la mkono wa nani likawa zito. Anayekusanya picha za Tingatinga mwenyewe leo hutazama kwanza ubao: je, ni ule wa dari wa miaka ile? Hutazama rangi, namna usuli ulivyopakwa, idadi ya wanyama, na umbo la herufi za saini. Lakini vyote hivyo havitoshi, kwa sababu wanafunzi walitumia ubao ule ule, makopo yale yale ya rangi na walikaa baraza moja na mwalimu wao. Saini huweza kuongezwa na mkono wa baadaye. Kinachobaki kuwa ushahidi wa nguvu ni njia ya picha: nani aliinunua, wapi, mwaka gani, na ilikaa nyumba gani baada ya hapo. Mwalimu wa Denmark aliyeandika nyuma ya ubao tarehe na mahali aliponunua, bila kujua anafanya nini, alifanya kazi ya mwanahistoria. Risiti iliyosahauliwa katika kitabu, au picha ya harusi inayoonyesha chui ukutani, imekuwa na thamani karibu sawa na chui mwenyewe.

Na hapa pana jambo gumu. Zile picha chache zilizobaki nchini hazikupata hali nzuri. Ubao wa dari hunyonya unyevu. Katika hewa ya pwani, iwe Dar es Salaam au Tanga, kingo zake huvimba, mchwa huupenda, na rangi ya kopo huanza kubanduka. Zilizokwenda Copenhagen na Oslo zilikaa katika nyumba kavu zenye joto la kuwashwa, na nyingi ziko kama zilivyochorwa. Hivyo kuondoka kwake kulikuwa hasara, na pia ndiko kulikoziokoa. Yeyote anayedai kwamba zilipaswa kubaki hana budi kueleza zingehifadhiwa katika chumba gani, kwa gharama ya nani.

Kwa upande wa haki, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuja miaka 27 baada ya kifo chake. Inamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa Edward Tingatinga miaka hiyo 50 ilitimia mwaka 2022. Tangu hapo chui wake na nyati wake wanaweza kunakiliwa nchini pasipo ada kwa warithi wake. Kwa kweli walikuwa wakinakiliwa siku zote, kwenye fulana, vikombe, kadi za salamu na hata katuni za watoto za televisheni zilizotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa Uingereza mwaka 2010 kwa jina lake.

Mashamba ya mkonge ya Tanga alikoanzia yalitaifishwa kwa sehemu kubwa mwaka 1967, yakashuka uzalishaji nyuzi za plastiki zilipotawala soko, na mengine yakageuka misitu. Miaka ya hivi karibuni mkonge umeanza kupandwa tena, wakulima wadogo wakiwamo. Kati ya Muheza na Korogwe bado upo mstari mrefu wa majani ya kijivu kando ya reli, na vibarua bado hufunga majani 30 kwa fungu.